Kayamba Lilivyozidi Kupanda

Mtu akitaka kuniudhi hapa Kitale, aniulize ni nani anayeimba kwenye nyimbo zetu. Hakuna anayeimba. Hajawahi kuwapo. Mimi na mwenzangu wa Bungoma tulitengeneza biti kwa miaka mingi, midundo ya hip hop isiyo na neno hata moja juu yake, na watu wa kwetu walikuwa wakiisikiliza mpaka mwisho kisha wanauliza, "Sasa wimbo wenyewe unaanza lini?" Mama yangu ndiye aliyekuwa kinara wao. Mwenzangu alilicheka swali hilo mpaka akashika mbavu. Mimi lilinichoma, na bado linanichoma, ila siku hizi linanichoma peke yangu kwa sababu yeye halisikii tena.

Tulikutana chuo cha ufundi, darasa la umeme. Mimi ni wa familia iliyotoka Mkoa wa Kati ikaja kulima Trans-Nzoia tangu enzi za babu. Yeye ni Mbukusu wa nje kidogo ya mji wa Bungoma, na baba yake alikuwa na kisiagi cha kusaga mahindi. Nilikuwa msichana peke yangu darasani na nilikuwa na mdomo, kwa hiyo watu walikaa mbali nami. Yeye alikuja akaketi kando yangu bila hata salamu, akatoa simu yake ya vibonyezo, akaniwekea sikioni sauti ya injini ya kisiagi cha baba yake aliyoirekodi.

"Sikiza hapo," akasema. "Si inataka kuanguka halafu inakataa?"

Nikasikiliza. Kweli injini ilikuwa inachechemea, na kila ikichechemea ilirudi mahali palepale bila kukosea. Nikamwambia hiyo ni biti tayari, imebaki tu kuwekewa ngoma. Akanitazama kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. Tangu siku hiyo hatukuachana, na wale waliosubiri harusi walisubiri sana, maana yeye alioa wa kwao na mimi nikabaki na shughuli zangu. Nilimpenda, sitazunguka hapo. Nilimpenda kwa namna ambayo haina sherehe yake wala jina lake, na ilinitosha.

Biti yetu ya kwanza ilijengwa juu ya injini ile. Mimi nilileta ngoma: gunia la mahindi lililojaa, likiangushwa kwenye sakafu ya ghala letu. Lile du zito ndilo lililobaki kuwa ngoma yetu miaka yote. Yeye alileta kinanda kilichotupwa na kanisa la mama yake baada ya vidude vitatu vya katikati kugoma, na akaazima kayamba la kwaya akalitikisa mwenyewe mbele ya simu. Kayamba kila mtu huku analijua, hakuna ibada bila kayamba, lakini hakuna aliyekuwa amelisikia likiwa na kitu kama kile chini yake. Siku hizo lilikuwa chini sana kwenye biti, sauti ya mtu anayepita kwa mbali kwenye majani makavu ya mahindi. Ilibidi unyamaze ili ulipate.

Mwanzoni tulikuwa tunawapa vijana wa mtaani waweke sauti zao. Walikuja na madaftari yao na makofia yao, wakapiga kelele juu ya kila kitu. Mmoja, ambaye alijiona tayari ameshafika, akamwambia mwenzangu, "Toa hiyo kitu ya kanisa bana, inaharibu." Mwenzangu alifunga kompyuta, akaiweka kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaniambia twende tukale chapati. Tukiwa tunakula ndipo akasema hatutaweka tena mtu. Nikakubali hata kabla hajamaliza kutafuna.

Chuo kilipoisha mimi nilirudi kwenye agroveti ya mama hapa Kitale, nikauza mbegu na dawa za kuogeshea ng'ombe. Yeye baba yake alikuwa amezeeka, akarudi Bungoma kusimamia kisiagi. Mchana kutwa alikuwa pale ndani ya ule unga na ule mngurumo, na jioni anaingia chumba cha nyuma alichokifanya studio, kuta zake zimebandikwa trei za mayai na magunia. Basi tukabuni namna yetu ya kufanya kazi. Mimi ninaweka mifupa, yaani ngoma na besi. Ninatia kwenye flashi, ninaifunga kwa karatasi ya mkate, ninaituma Bungoma kama kifurushi. Yeye anaweka nyama, halafu anamalizia, yaani anapanga kila sauti ikae juu au chini kiasi gani. Akishamaliza, imeisha.

Na tulikuwa na sheria moja tu. Mkono wa mwisho hauulizwi. Ilitokana na biti moja ambayo tuligombana juu yake kwa majuma, mimi ninashusha, yeye anapandisha, mpaka ikafa tukaizika bila hata kuipa jina. Baada ya hapo tukasema anayemalizia amemalizia. Ukirudishiwa kitu usichokipenda, unyamaze, utengeneze kingine. Na mkono wa mwisho ukawa wake siku zote kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na masikio. Alikuwa akisikia mambo ambayo mimi niliambiwa tu. Anaweza kukaa nje ya kanisa akakuambia mama gani wa sauti ya pili leo ana mafua.

Watu wakatujua polepole na kwa njia za ajabu. Mtangazaji mmoja wa redio ya huku magharibi aliichukua biti yetu moja ya taratibu akaiweka chini ya matangazo ya vifo. Kila jioni, familia fulani ya Webuye inasikitika kutangaza, na chini yake gunia langu la mahindi linaanguka, du, na kayamba linapita kwa mbali. Mama akasema angalau sasa wimbo una maneno. Nilimnunia siku mbili. Mwenzangu alinipigia simu akicheka, ananiambia, "Sasa siste, sisi hakuna mtu atakufa Bungoma bila sisi kujua." Siku hizo bado tulikuwa tunapigiana simu.

Sikumbuki ni lini hasa simu ziliisha tukabaki na jumbe za kuandika. Sikuona kitu. Kila mtu alikuwa ameanza kuandika badala ya kuongea, na yeye alisema pale kisiagini mtu hawezi kusikia simu kwa ile kelele, jambo ambalo lilikuwa kweli. Tulikuwa tukionana kwenye harusi na mazishi, baba yake alipofariki nilikaa kwao siku kadhaa, lakini matanga ya huko yana watu na vipaza sauti, kila mtu anamwongelesha mwenzake kwa kupiga kelele sikioni.

Kwenye biti, kayamba lilianza kupanda.

Kwanza lilitoka kule mbali likaja karibu, nami nikalipenda. Halafu likaja karibu zaidi. Siku moja nilirudishiwa biti, nikaiweka kwenye spika ya duka, mteja aliyekuwa akinunua dawa ya viroboto akageuka akauliza kama ni mdudu ameingia kwenye waya. Nikapunguza sauti. Lilikuwa linakata. Nilikuwa nimeshika simu nimwandikie, kaka, kayamba limezidi, nikakumbuka sheria. Nikaiweka simu chini nikaendelea kupima mbegu.

Na watu wakalipenda. Hilo ndilo linalonitesa. Waendesha boda wa Kimilili waliziweka biti zetu kwenye vispika vyao kwa sababu kayamba lile lilipenya upepo na injini. Vijana wakaanza kutuiga, wakipandisha makayamba yao mpaka wanawatoa mbwa nyumbani. Watu wa mbali mtandaoni, ambao hawajawahi kuona kayamba, wakaandika kwamba huo ndio muhuri wetu, kwamba ni ujasiri. Mtu mmoja wa Nairobi alikuja akatuambia ni sawa lakini tuongeze litungu, kile kinanda cha nyuzi cha Wabukusu, maana sisi ni watu wa magharibi, nami nikamuuliza kama yeye huongeza lifti kwenye kila kitu kwa sababu ni mtu wa Nairobi. Mwanafunzi wa chuo kikuu alinihoji, nikamweleza kwa kirefu kwamba kayamba limepanda kwa sababu sisi hatuna mwimbaji, na kayamba ndilo linalosema. Nilikuwa nimeshalitungia hata maelezo.

Kisha ikaja ile kampuni ndogo ya ng'ambo iliyotaka kutoa albamu yetu kwa santuri, zile sahani nyeusi za zamani ambazo huko kwao zimerudi kupendwa. Nilisoma barua pepe yao mbele ya rafu ya chumvi ya ng'ombe, nikakaa juu ya ndoo. Ndicho kitu kikubwa zaidi kilichowahi kutupata. Biti sita zilikuwa tayari, walitaka nyingine za upande wa pili. Fundi wao wa sauti akaandika kwa adabu sana, akauliza kama kweli tunataka kayamba lile liachwe vile, maana linaumiza sikio na sindano ya santuri itahangaika nalo. Nikampelekea mwenzangu swali lile. Akajibu, "Iko sawa hivyo. Wasiiguse." Nikajisikia fahari. Nikamjibu fundi yule kwa Kiingereza cha kiburi.

Kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, nikamwachia mama duka nikaenda Bungoma tumalizie upande wa pili tukiwa pamoja. Alinipokea vizuri, amenenepa kidogo, amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Nilimwona ananitazama sana mdomoni nikadhani ni kwa ajili ya jino jipya nililotoka kuwekewa.

Mchana wa siku ya pili tulikuwa kwenye chumba cha nyuma, kisiagi kimezimwa kwa sababu mke wake alikuwa anabadilisha mkanda. Nilikuwa nimefungua biti mpya nikazima kayamba kwenye kompyuta ili niisikilize besi peke yake. Nikasahau kuliwasha. Nikacheza biti yote toka mwanzo. Besi ilikuwa nzuri. Ilipofika katikati, mwenzangu akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Hapo kayamba imekaa poa sana. Hapo hatuigusi tena."

Nikatazama skrini, ambayo ilikuwa imenielekea mimi peke yangu. Mstari wa kayamba ulikuwa umezimwa, wa kijivu toka mwanzo mpaka mwisho. Nikafikiri ananitania, maana alikuwa mtu wa utani, nikangoja acheke. Hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja niseme kitu.

Nikasimama nikampa mgongo, nikajifanya natafuta waya. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Utakunywa chai?" Kimya. Nikasema, "Kompyuta inatoa moshi." Kimya. Nilipogeuka alikuwa na tabasamu lile la mtu ambaye hajui ameulizwa nini na anatumaini ni kitu kizuri.

Nikatoka nje. Mke wake alikuwa amechuchumaa kando ya injini, mikono imejaa grisi. Ni mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na sasa ninajua kwamba hiyo ilikuwa shida kwao.

"Mume wako hasikii," nikamwambia.

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Si ulikuwa unajua?"

"Nijue na nani?"

Akajipangusa mikono kwa kitambaa polepole. "Wewe ndiyo ulikuwa umebaki, dada. Hapa kwetu kila mutu anajua. Watoto wakitaka kitu wanamugusa bega kwanza. Kwaya alitoka kitambo. Rakini wewe alituambia tusikuambie, hata mayi wake mzazi alikatazwa. Ati kwa wewe bado anasikia."

Nilikwenda nikajificha nyuma ya magunia nikalia. Nililia kwa hasira kabla ya kulia kwa huzuni, na unga ukanigandia usoni kama uji. Wateja wote wa kisiagi kile walijua. Mchungaji alijua. Mimi niliyekuwa ninapokea kazi ya masikio yake kila mwezi, nilikuwa mtu pekee ambaye mwenzangu alitaka asijue kwamba yeye ni kiziwi. Sijui kama hiyo ni heshima au ni matusi. Nimeligeuza upande huu na upande ule, na jibu langu hutegemea siku.

Nilirudi chumbani na uso wangu wa unga. Akaniona, na hakuhitaji kuambiwa. Akafunga kompyuta.

"Ilianza na ndege," akasema. Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu kuliko inavyotakiwa, na ndipo nilipogundua kwamba ameongea hivyo muda mrefu. "Asubuhi nikaona ndege kwa waya ya nguo, anafungua mdomo, hakuna kitu. Nikafikiria ni ndege mgonjwa. Halafu kayamba ikaenda. Nikaongeza, ikarudi. Ikaenda tena, nikaongeza."

"Mpaka lini?" Nilimsemea uso kwa uso.

"Mpaka ikakataa kurudi. Sasa natazama kwa skrini. Kayamba naiona, besi naishika." Akaweka kiganja juu ya spika kunionyesha, ingawa spika ilikuwa imezimwa.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi."

"Ungenihurumia."

"Na kuna ubaya gani?"

"Ungenihurumia kwa biti," akasema. "Ungekuwa unanitumia biti lahisi. Mimi sitaki biti lahisi siste. Hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee."

Nilitaka kumpiga. Nilimwambia kwamba watu wamekuwa wakishangilia ugonjwa wake, kwamba vijana Kimilili nzima wanaiga masikio yanayokufa, kwamba mimi nimesimama mbele ya watu nikaeleza maana ya kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote. Nilisema haraka kwa hiyo sijui alipata maneno mangapi. Alipata ya kutosha, maana alicheka.

"Basi ni ugonjwa poa," akasema. Kisha akalia, na mimi nikamshika kichwa, tukakaa hivyo mpaka mke wake akaleta chai.

Tulimpeleka Eldoret kwa daktari wa masikio. Daktari hakuweza kusema kwa hakika chanzo ni nini. Inaweza kuwa kisiagi, inaweza kuwa dawa alizodungwa akiwa mtoto, inaweza kuwa damu yao tu. Alichoweza kusema ni kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kiko njiani. Akapewa mashine ndogo za kuvaa masikioni. Alizivaa sokoni na kanisani, zikamsaidia kidogo na maneno, lakini muziki ulikuja kwake kama sufuria zinazoburutwa kwenye saruji. Akawa anazivua kabla ya kufungua kompyuta. Aliniandikia kwamba bila mashine anaikumbuka biti vizuri zaidi. Baada ya muda mashine zenyewe hazikuwa na kazi tena, akazirudisha kwenye kiboksi chao.

Upande wa pili wa santuri akaniachia mimi. Nilikuwa sijawahi kuwa mkono wa mwisho. Zile biti sita alizozimaliza yeye niliziacha vilevile na kayamba lake linalokata, na fundi wa ng'ambo nikamwandikia kwa upole safari hii kwamba tafadhali aziache. Zilizobaki nilizihangaikia miezi. Nilijaribu kupandisha kayamba kama yeye. Kila nilipolipandisha nilijisikia kama mtu anayeiga mwendo wa kiwete mbele yake. Nikalishusha kule chini lilikokuwa zamani, nikaona ninajifanya kwamba hakuna kilichotokea. Mwisho nikaliondoa kabisa. Nikamwandikia ukweli: upande wa pili hauna kayamba, sikuweza.

Siku iliyofuata akaandika, "Sawa. Mkono wa mwisho hauulizwi."

Santuri zilifika zimefungwa vizuri, picha ya ghala letu juu yake, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu mwenye kitu cha kuzichezea. Nilizunguka Kitale nzima. Mwishowe mama akakumbuka mwalimu mkuu mmoja mstaafu wa kanisani kwao, mama wa Saboti, ambaye marehemu mume wake alimwachia redio kubwa ya mbao yenye mahali pa santuri, na ambayo bado anaifuta vumbi kila Jumamosi. Mwenzangu akaja kutoka Bungoma amevaa koti la harusi yake. Tukaenda Jumapili baada ya ibada.

Mwalimu alitupokea vizuri, akaondoa vitambaa vya kufuma juu ya redio, akaipokea santuri kwa ncha za vidole. Mwenzangu alitaka kwenda kukaa pale chini, aweke mkono kwenye mbao. Nilijua alichokuwa anataka. Mwalimu akamzuia kwa upole.

"Hapana mwanangu, ukiiegemea sindano itaruka, itakwaruza kitu yenu nzuri. Keti hapo kwa kiti."

Sikuwahi kumweleza Mwalimu hali ya mwenzangu, na pale sikuweza kusema bila yeye kuona midomo yangu. Akaketi kiti kilichonielekea, mikono yake juu ya magoti. Santuri ikaanza kuzunguka. Gunia likaanguka, du, kwenye sebule ya watu, likiwa zito na zuri kuliko nilivyowahi kulisikia, na kayamba likaingia likikata. Nilianza kutikisa kichwa bila kufikiri. Na nilipomtazama, yeye pia alikuwa anatikisa chake.

Nilifikiri anasikia, kwamba labda besi inampata kupitia sakafu, au anaikumbuka yote kutoka ndani. Niliona furaha usoni mwake, furaha ya kweli, ya mtu ambaye kazi yake imetoka vizuri. Ila kichwa chake kilikuwa kinachelewa. Kidogo tu. Mtu huyu hakuwahi kuchelewa tangu nimjue. Kila mara alikuwa anafika kwenye ngoma kabla ya ngoma yenyewe, na sasa kila du lilikuwa limeshaanguka ndipo kidevu chake kinashuka.

"Niwaletee ndizi na chai?" Mwalimu akauliza kutoka mlangoni.

Nikageuka kumjibu. Niliporudisha macho, kichwa cha mwenzangu kilikuwa kimesimama katikati ya biti, gunia likiendelea kuanguka, na macho yake yalikuwa juu yangu. Nikaanza tena kutikisa. Akaanza tena.

Nilielewa, na nikamwomba Mungu asione kwamba nimeelewa. Sikuacha tena. Biti zote sita za upande ule nilizipiga kwa kichwa, nikishusha kidevu wazi, kutoka mabegani, bila kuruka hata du moja. Mwalimu akaja akageuza santuri, na wakati anaigeuza nilitabasamu tu, na yeye akatabasamu, tukangoja. Upande wa pili ukaanza, upande wangu, usio na kayamba. Nilikuwa nimeuogopa upande huo kwa miezi, nikijiuliza atauonaje. Nikatikisa. Akanifuata. Shingo iliniuma, chai ikapoa mezani, na machozi nilikuwa ninayameza kwa sababu mikono yangu ningeiinua angeona. Biti ya mwisho ni ndefu. Sikuwahi kujua ni ndefu kiasi gani.

Ilipokwisha, sindano ikabaki ikikwaruza pale katikati, na mimi nikaendelea kidogo, sikujua jinsi ya kuacha. Mwalimu akainuka akaitoa. Nikasimamisha kichwa. Na yeye akasimamisha chake.

"Imeisha?" akauliza, kwa ile sauti yake ya juu.

Nilishindwa kumjibu kwa kichwa. Nilihama kiti changu nikaenda kukaa karibu naye, nikamshika mkono, nikangoja mpaka macho yake yafike kwenye midomo yangu, ndipo nikamwambia polepole kwamba imeisha.